Sebule ni ya wageni, chumba ni cha nani?

Nilipotea kidogo, naomba mniwie radhi. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikikaa kimya wiki mbili mfululizo mwezi wa sita au wa saba, basi nyumbani kuna mgonjwa. Leo sitaandika habari za madiwani, wala stendi, wala bei ya mahindi. Leo nataka tuzungumzie chumba cha kulala. Ndiyo, chumba cha kulala, tena cha mtu ambaye ugonjwa wake haumwagi siku moja akaamka amepona.

Najua wapo watakaocheka. Watasema kijana amekosa habari za kuandika sasa amehamia kwenye mapazia. Hata mimi zamani nilidhani habari za chumba ni za yale magazeti ya mapambo: rangi ya ukuta, shuka zinazofanana na foronya, ua la plastiki kwenye kona. Nilikuja kubadilika kwa gharama kubwa, na ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu wa kike ana selimundu. Amezaliwa nayo. Kwa asiyeufahamu ugonjwa huu, niseme kwa kifupi: chembe nyekundu za damu ambazo kwa wewe na mimi ni za mviringo na laini, kwake hujikunja zikawa na umbo la mundu, zikawa ngumu na kunasa kwenye mishipa midogo. Zikinasa, damu haipiti vizuri, na mahali damu isipopita panauma. Si yale maumivu ya kumeza vidonge viwili ukalala. Nimemwona mtoto wa watu anang'ata mto asipige kelele akaamsha nyumba.

Tanzania ni moja ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye selimundu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Muhimbili walianza mpango maalumu wa ugonjwa huu mwaka 2004, ukiongozwa na Dk. Julie Makani ambaye sasa ni profesa, na tangu hapo mengi yamejulikana. Ipo dawa ya haidroksiurea ambayo inapunguza mashambulio ya maumivu. Wapo wagonjwa waliofika utu uzima, wamesoma, wameoa na kuolewa. Haya ni mambo ya kushukuru. Lakini hebu tufanye hesabu. Daktari anamwona mdogo wangu labda dakika 15, halafu anampa tarehe ya mwezi ujao. Saa nyingine zote za mwezi huo yuko wapi? Shuleni, njiani, jikoni, na zaidi ya kote, kitandani kwake. Siku za maumivu ni saa 24 kitandani.

Sasa ukimuuliza mtaalamu ni vitu gani vinaamsha maumivu ya selimundu, atakutajia baridi, upungufu wa maji mwilini, maambukizi kama malaria, uchovu na mawazo. Soma tena orodha hiyo polepole. Je, huoni kwamba ni orodha ya mambo ya chumbani?

Sisi asili yetu ni Mwanza. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu, na watumishi wakaanza kumiminika kutoka kila kona ya nchi. Baba naye alifuata miaka kadhaa baadaye, uhamisho wa kikazi, mdogo wangu akiwa darasa la kwanza. Mwanza kuna joto, hujui blanketi ni nini. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mlima Kwaraa umesimama juu ya mji, ziwa liko chini, na ikifika Juni upepo unashuka usiku kama umetumwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2008 kwamba Juni 19 iwe siku ya kuhamasisha watu juu ya selimundu. Kwetu tarehe hiyo ni katikati ya msimu mbaya kuliko yote. Kila mwaka nasikia hotuba redioni siku hiyo huku mhusika mwenyewe yuko chini ya blanketi.

Hebu nikuonyeshe nyumba tuliyokuwa tukiishi mwaka 2022. Nyumba ya kupanga, upande wa Nangara. Sebule nzuri kabisa: dari nyeupe, madirisha mawili makubwa ya vioo, makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo ambavyo havijawahi kuliwa chakula, runinga. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia humo moja kwa moja. Na sebuleni humo hakuna mtu aliyekuwa anakaa tangu asubuhi mpaka saa moja jioni, labda aje mgeni.

Chumba cha mdogo wangu kilikuwa cha mwisho, nyuma. Hakina dari, ukilala unaangalia misumari ya bati. Kidirisha kidogo chenye nondo, kioo kimoja kimevunjika pakawekwa boksi la katoni. Wavu wa mbu hakuna. Kitanda kilikuwa kinagawana nafasi na magunia matatu ya mahindi, baiskeli mbovu ya baba, na ndoo za rangi zilizobaki wakati wa kupaka sebule. Naomba urudie hapo: rangi ya sebule ilihifadhiwa kwenye chumba cha mgonjwa, na kuta za chumba chenyewe hazijapakwa.

Hatukuwa watu wabaya. Mama alikuwa anauza hadi kitenge ili mtoto aende kliniki. Baba hajawahi kukosa nauli ya kumpeleka hospitali. Tungeambiwa dawa inapatikana Arusha, mtu anapanda gari alfajiri. Ila haikutupitia kichwani kwamba kitanda nacho ni matibabu. Na mwenye nyumba aliyejenga hivyo, dari mbele na bati tupu nyuma, hakuwa wa ajabu. Tembea mitaani ukaone. Pesa ya ujenzi ikipungua inapungukia vyumbani, haipungukii sebuleni, maana chumbani wageni hawaingii.

Wazee wa hapa walijua zaidi yetu. Tembe la Wairaqw, lile la zamani lenye kuta nene na udongo juu ya paa, lilikuwa linatunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Sisemi turudi huko. Lilikuwa na giza na moshi, na moshi nao ni adui wa mapafu. Nasema tu kwamba bati, ambalo ndilo dalili yetu ya maendeleo, linapika watu saa nane mchana na kuwagandisha saa nane usiku. Tumelipenda, basi tungelipa na dari.

Julai ile ya 2022 baridi ilizidi. Mdogo wangu alikuwa na maumivu ya mapaja na mgongo siku ya tatu. Mama, kwa huruma ya mama, akawasha jiko la mkaa nje, likashika, likawa jekundu bila moshi, akaliingiza chumbani. Akaziba boksi la dirishani kwa kanga ili upepo usipite. Akafunga mlango. Akalala naye pembeni.

Mkaa ukiwaka hivyo unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kushika pale ambapo oksijeni ingeshika, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu mzima mwenye damu ya kutosha inamuua usingizini. Sasa mfikirie mtu ambaye damu yake tangu mwanzo ni pungufu.

Mimi nilikuwa nimechelewa kurudi, nilikuwa najifunza kazi redioni na tulikuwa na kipindi cha usiku. Niliingia kama saa sita hivi. Nikasikia kitu kinaanguka nyuma. Ni mama. Alikuwa ameamka na kichwa kinampasuka, akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilifungua mlango, nikavuta kanga dirishani, nikatoa jiko kwa mikono miwili, alama ninayo mpaka leo kwenye kiganja. Mdogo wangu nilimbeba mpaka barabarani akiwa hajibu. Bodaboda ilitupeleka, mimi nyuma, yeye katikati.

Walipona wote wawili. Sitaeleza zaidi, mama anasoma nikiandika. Wala hana kosa. Kosa lilikuwa la chumba ambacho njia pekee ya kukipasha joto ilikuwa ni hiyo. Ndugu zangu mnaokaa nyanda za baridi, Babati, Mbulu, Katesh, Karatu, Njombe, Makete, nawaomba sana: jiko la mkaa halilali ndani na mtu. Hata kama halitoi moshi. Hata dakika chache za kupasha chumba tu, mlango uwe wazi, na jiko litoke kabla mtu hajafumba macho.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kukaa na mdogo wangu chumbani na kumuuliza maswali kama mwandishi anavyohoji. Nilikuwa nimehoji wakulima na wavuvi wa ziwa, lakini mtu tunayekula naye sahani moja sikuwahi kumhoji. Swali la kwanza lilikuwa la kijinga tu. Nilimuuliza, mbona hunywi maji jioni? Maana kila mtu alikuwa anamgombeza kwa hilo. Daktari anasema kunywa maji mengi, mama anamjazia jagi, asubuhi jagi liko vile vile. Tukamwita mkaidi.

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Kaka, nikinywa maji usiku lazima niende chooni. Choo kiko nje."

Basi. Hilo tu. Figo za mtu mwenye selimundu mara nyingi hushindwa kukaza mkojo kama za watu wengine, kwa hiyo hukojoa maji mengi na mara nyingi, usiku hasa. Choo chetu kilikuwa uani, hatua kama 20, tunachangia na wapangaji wengine wawili. Saa tisa usiku, Juni, upepo wa Kwaraa, miguu inauma, lazima uwashe tochi, ufungue komeo ambalo linapiga kelele na kumwamsha baba. Mtoto alipiga hesabu yake. Nisipokunywa sitatoka. Asipokunywa damu inakuwa nzito, damu ikiwa nzito chembe zinanasa, zikinasa anaumwa. Sisi tulikuwa tunaona ukaidi, kumbe ni aibu na baridi.

Dawa yake ilikuwa ndoo ndogo yenye mfuniko mzuri na pazia kwenye kona. Na makubaliano kwamba ndoo hiyo naimwaga mimi au mama kabla jua halijatoka, bila mtu kuizungumzia. Ilituchukua miaka kumi kununua ndoo!

Naomba nikae hapo kidogo kwa sababu limenikaa moyoni. Watoto wengi wenye selimundu huendelea kukojoa kitandani hata wakifika umri ambao wenzao wameacha, na ni kwa sababu ya figo hizo hizo. Wangapi wamechapwa kwa hilo? Wangapi wameanikiwa godoro mbele ya bweni zima? Na kwa wavulana kuna jambo jingine linalotokea usiku, uume kusimama kwa saa nyingi kwa maumivu makali, nalo ni dharura ya kukimbilia hospitali. Kijana anayelala kitanda kimoja na kaka zake wawili atamwambia nani saa nane usiku? Tunasema faragha ni mambo ya wazungu. Kwa mgonjwa faragha inaweza kuokoa maisha.

Nikarudi kwa wazee na hoja yangu. Nikasema, sebule ndiyo chumba chenye joto, chenye dari na jua. Mgonjwa ahamie sebuleni. Makochi yaende nyuma.

Mngemwona baba! Mzee wangu ni mtu wa watu. Ofisini, kanisani, mtaani, wote wanapitia kwake. "Wageni nitawapokelea wapi, kwenye magunia?" Mama naye kwa mara ya kwanza akawa upande wake. Jirani mmoja akasema mtaani watadhani tumeshamkatia tamaa mtoto, ndiyo maana tumemlaza mbele ili watu wamuage. Hoja hiyo ilinichoma, lakini ilinionyesha kitu. Kwetu mgonjwa analetwa mbele ya nyumba akiwa anakaribia kufa tu. Akiwa hai anafichwa nyuma.

Tulibishana kama wiki tatu. Kilichommaliza mzee si maneno yangu. Nilimwomba alale usiku mmoja kwenye kile chumba cha nyuma. Akakubali kwa hasira. Asubuhi alitoka amejifunika shuka la kimasai mpaka masikioni, akanywa chai bila kusema neno, halafu akaita vijana wa kuhamisha makochi.

Sasa hapo ndipo nilipokosea mimi, na ndipo penye hoja yangu hasa. Nilijiona mtaalamu. Nikaanza kupanga chumba kama wodi. Kitanda ukutani, meza ya dawa kichwani, dawa zote zimepangwa mstari zinaonekana, karatasi ya ratiba imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, runinga miguuni ili asichoke. Nikasimama mlangoni nasubiri asante. Mdogo wangu akaangalia akasema, "Kaka, mbona kama nimelazwa?"

Aliomba dawa ziingie kwenye droo. Ratiba ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Runinga itoke kabisa, kwa sababu ikikaa humo wote tutakuwa tunakuja kuangalia taarifa ya habari kwenye kitanda chake. Hilo sikuwa nimelifikiria, nami ndiye mtu wa habari. Na aliomba kitanda kigeuzwe. Nilikuwa nimekiweka kichwa kikiwa dirishani, asipigwe na mwanga. Yeye alitaka aone nje. Kutoka pale anaiona Kwaraa, anaona wingu likishuka juu yake na kuondoka, anaona watu wanaokwenda sokoni.

Baadaye nikagundua kwamba yupo mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, aliyechapisha mwaka 1984 katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walirudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Mdogo wangu hakuwa amesoma Science. Alijua tu anachotaka kukiona akiumwa.

Ombi lake la mwisho lilikuwa zito: komeo la ndani. Tukakataa wote. Je, ukizidiwa usiku? Tukakubaliana mlango usiwe na komeo, lakini mtu yeyote, hata baba, apige hodi na asubiri karibu. Jamani, hebu tujiulize. Sisi Waswahili tunapiga hodi mpaka kwenye kibanda cha muuza mkaa. Lakini mgonjwa hapigiwi hodi. Mlango wake unasukumwa. Wanaingia watu sita, wawili wanakaa kitandani kwenye mguu unaouma, mmoja anasimulia juu ya binamu yake aliyekuwa na ugonjwa huo huo na mwisho wake ulivyokuwa, mwingine anataja mti wa kuchemsha, wa tatu anaomba kwa sauti nusu saa. Florence Nightingale, yule mama wa uuguzi wa Uingereza, alilalamika juu ya wageni wa namna hiyo kwenye kitabu chake cha uuguzi karne ya 19, na juu ya watu wanaonong'ona nje ya mlango wa mgonjwa. Kumbe si Babati peke yake. Upendo wetu wa kutembelea wagonjwa ni mzuri sana, nisieleweke vibaya, wengi hapa mjini wako mbali na ndugu na wasingepata hata uji bila majirani. Ila wageni wakae kwenye makochi, na mwenye chumba aulizwe kama anaweza kuwaona leo.

Wapo watakaosema, wewe kijana mna sebule ya kuhamisha, sisi tunalala watano chumba kimoja. Ni kweli, na sitaki kujifanya sijui. Lakini nikihesabu tulichotumia, kikubwa kilikuwa godoro, kwa sababu lile la zamani lilikuwa limebonyea mpaka anazihisi chaga. Mengine ni wavu wa dirishani, mbao na misumari, ndoo, chupa ya chai ili maji ya uvuguvugu yawe karibu usiku, na chupa ya kujaza maji ya moto na kuifunga kwa kanga, ambayo inafanya kazi ya jiko bila kuua mtu (angalia tu isiunguze ngozi). Rafiki yangu mwenye mama mgonjwa wa moyo, anayelala amekaa nusu kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, alimtengenezea egemeo la mbao na magunia kwa mchana mmoja. Chumba kimoja, watu watano, na bado ile kona ya mama ikawa ya mama.

Na asiye na uwezo wa dari ya mbao ashone viroba vya salfeti, au atandaze wavu juu. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, na hata zile zilizowekewa dari ya wavu tu, ziliingiza mbu wa malaria pungufu kwa karibu nusu, na watoto wa humo wenye upungufu wa damu walikuwa wachache. Kwa mwenye selimundu malaria si homa ya kawaida, inaweza kummaliza. Kwa hiyo chandarua, na wavu, na dari, vyote vitatu kama vinawezekana. Bima haitakulipia hata kimoja. Itakulipia kitanda cha hospitali baada ya kuvikosa, na hilo mimi naliona ni kichekesho kisichochekesha.

Wenye nyumba mnaosoma, sina ugomvi nanyi. Mkipiga dari sebule, pigeni na chumba kimoja. Mpangaji mwenye mgonjwa atakaa miaka kumi hahami.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita. Sitasema maumivu yameisha, kwa sababu hayajaisha. Mwaka huu Juni yamekuja mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyonifanya nipotee. Chumba hakitibu selimundu. Lakini jagi linakuwa tupu asubuhi, na mwaka jana hakulazwa hata mara moja wakati wa baridi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuhamie hapa. Baba sasa anapokea wageni wake barazani, chini ya mwarobaini. Mvua ikinyesha wanabanana nyuma kati ya makochi na magunia, na wameshazoea.

Juzi usiku, kama saa nane, alinigongea ukuta. Ndiyo ishara yetu. Nikaamka, nikachemsha maji, nikajaza chupa, nikafika mlangoni. "Hodi."

"Subiri kwanza."

Nikasimama ukumbini na chupa ya moto mikononi, miguu peku, sakafu kama barafu. Nikamsikia anahama kitandani taratibu, pazia linavutwa, mfuniko unafungwa, kisha kimya kidogo.

"Haya kaka, karibu."